Matunda ya Msitu ni ya Nani?

Msomaji, wewe uliyezaliwa karibu na Ikweta wajua masika na vuli, wajua kiangazi na kipupwe. Lakini yamkini hujapata kuona msitu mzima ukivua nguo zake. Katika nchi ya Uingereza, mwezi wa Septemba ukisha kuingia, jua hufupisha safari yake na usiku hurefuka. Majani yaliyokuwa ya kijani hugeuka manjano, kisha mekundu, kisha kahawia. Halafu hupukutika moja moja mpaka matawi yakabaki matupu. Mgeni ayaonaye mambo hayo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba msitu unakufa. Mwenyeji hadhani hivyo. Mwenyeji hutwaa kikapu akaingia msituni, maana ajua kwamba mti uuagao mwaka haukosi kuacha urithi.

Kwanza tutazame kilichomo kikapuni. Kuna kokwa za mhezeli, mti mdogo wa vichakani, zenye ganda gumu na kiini kitamu mfano wa korosho. Kuna blakiberi, tunda jeusi la miiba lifananalo na forosadi, ambalo huacha wino wake vidoleni na midomoni mwa kila mtoto. Kuna chesnati, ambazo ganda lake la nje lina miiba kama ngozi ya nungunungu. Zikichomwa katika makaa, ladha yake yakaribia ya kiazi kitamu. Kuna matunda ya waridi mwitu, mekundu kama shanga. Kuna uyoga wa namna nyingi chini ya majani makavu. Tena kuna tunda la mwaloni, ambalo ni chungu kinywani mwa mwanadamu, bali kwa nguruwe ni karamu ya arusi.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kazi hii ni ya kila apitaye njia. Miongoni mwa uyoga wa misitu hiyo umo mmoja uitwao kofia ya mauti. Sura yake ni ya upole, rangi yake ni kijani hafifu, na mlaji hasikii uchungu wowote ulimini. Sumu yake hukaa kimya saa sita au zaidi, kisha huanza kutesa tumbo, na mwisho huliharibu ini. Na mara nyingi mgonjwa hujiona amepata nafuu siku ile ile ambayo ini lake linaangamia. Kwa hiyo elimu ya msitu ilikuwa elimu ya kweli ingawa haikuwa na darasa. Nyanya alimfundisha mjukuu kwa kidole: hiki chukua, hiki acha, hiki usikiguse. Wazee walisema pia kwamba blakiberi zisichumwe baada ya sikukuu ya Malaika Mikaeli, mwishoni mwa Septemba, kwa sababu Shetani huzitemea mate. Ukicheka, cheka kwa adabu. Kwani wakati huo unyevu huingia, ukungu na nzi huzivamia, na tunda huharibika kweli. Hadithi ilikuwa ganda, na ndani ya ganda mlikuwa na kiini cha ujuzi.

Sasa niulize swali ambalo ndilo kiini cha insha hii. Mtoto maskini akiinama msituni akaokota kokwa moja, kokwa hiyo ni ya nani? Ni yake aliyeinama? Ni ya mwenye ardhi, ambaye hakuupanda mti wala hakuumwagilia maji? Ni ya mfalme? Au ni ya watu wote? Swali ladhaniwa dogo. Lakini kwa ajili yake watu wa Uingereza walipofushwa macho, walitiwa gerezani, na waliandika sheria katika muda wa karibu miaka 1,000.

Hapo kale swali hilo halikuwako. Katika kisiwa kidogo cha Colonsay, magharibi ya Uskoti, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta shimo lenye mamia ya maelfu ya maganda ya kokwa za hezeli yaliyoungua, ya watu walioishi yapata miaka 9,000 iliyopita. Watu hao hawakujua jembe wala ng'ombe wa kufugwa. Walikusanya kokwa katika majira ya kupukutika majani, wakazichoma ili zisioze, na hapana shaka zilisaidia kuwavusha katika baridi ndefu. Msitu ulikuwa ghala yao, na ghala hiyo haikuwa na kufuli.

Kufuli ilikuja baadaye. Mwaka 1066 William wa Normandy alivuka bahari, akaishinda Uingereza kwa upanga, akajifanya mfalme. William alipenda uwindaji kuliko starehe nyingine zote, na kwa ajili yake alitenga sehemu kubwa za nchi ziwe chini ya sheria ya msitu. Karibu na mwaka 1079 alitenga eneo la kusini ambalo mpaka leo laitwa New Forest, yaani Msitu Mpya. Neno msitu katika sheria hiyo halikuwa na maana ya miti peke yake. Mashamba na vijiji vizima viliweza kuingizwa ndani ya mpaka wake. Ndani ya mpaka huo kulungu alikuwa na thamani kupita mkulima. Mtu aliyemwua kulungu wa mfalme alihukumiwa kupofushwa macho. Mbwa wakubwa wa wanavijiji walikatwa vidole vitatu vya mguu wa mbele wasije wakakimbiza wanyama wa mfalme. Kukata mti, kufyeka kichaka au kupeleka mifugo malishoni bila ruhusa lilikuwa kosa la kutozwa fedha.

Wafalme waliofuata walizidisha mipaka, na manung'uniko yakazidi nayo. Mfalme John alipofariki mwaka 1216 aliiacha nchi katika vita, na kiti chake kikarithiwa na mwanawe Henry wa Tatu, mtoto wa miaka tisa. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Novemba 1217, wakati majani yalipokuwa yakipukutika, serikali ya mtoto huyo ilitoa hati iliyoitwa Hati ya Misitu. Watu wengi wamesikia habari za Hati Kuu ya mwaka 1215, ambayo ilishughulikia zaidi mambo ya wakuu; ni wachache wanaomkumbuka ndugu yake huyu mdogo, ambaye alishuka chini zaidi, mpaka penye kuni, malisho na chakula.

Hati hiyo ilisema kwamba tangu siku ile mtu asipoteze uhai wala kiungo kwa sababu ya nyama ya mwituni. Akipatikana na hatia atozwe fedha, na asiyekuwa na fedha afungwe mwaka mmoja na siku moja. Ilisema kwamba ardhi nyingi zilizotwaliwa kwa dhuluma zitolewe katika sheria ya msitu. Ilimruhusu mtu huru kupeleka nguruwe wake katika miti yake wale matunda ya mwaloni. Na kifungu kimoja, ambacho nakuomba ukiweke akilini, kilisema kwamba asali ipatikanayo katika msitu wa mtu huru ni mali yake. Fikiri, msomaji! Hati ya mfalme iliona haya kumnyang'anya mtu asali iliyotengenezwa na nyuki.

Walakini tusiipake hati hiyo sifa isiyostahili. Ilisema mtu huru, na katika siku hizo Waingereza wengi hawakuwa huru. Walikuwa watwana waliofungamana na ardhi ya mabwana zao. Haki iliingia mlango mmoja, ikauacha mwingine umefungwa. Hata hivyo mlango uliofunguliwa haukufungika tena kwa urahisi. Hati hiyo ilidumu katika sheria za Uingereza mpaka mwaka 1971, na sheria chache zimepata umri kama huo.

Ukitaka kujua thamani ya tunda la mwaloni katika zama hizo, tazama daftari kubwa la mali ya nchi lililoandikwa kwa amri ya William mwaka 1086. Mahali pengi waandishi hawakuupima msitu kwa hatua wala kwa miti. Waliupima kwa hesabu ya nguruwe uwezao kuwalisha. Mwanakijiji aliwaachilia nguruwe wake msituni katika majira ya kupukutika majani, wakanenepa bure, kisha akawachinja na kuitia nyama chumvi kwa ajili ya baridi. Desturi hiyo ingaliko katika New Forest. Kila mwaka nguruwe huachiliwa kwa siku zisizopungua 60, nao hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: hushiba, na huondoa matunda mabichi ya mwaloni ambayo ni sumu kwa farasi na ng'ombe. Mwenye nguruwe apata nyama, mwenye farasi apata amani. Hiyo ndiyo hekima ya haki za pamoja zikitunzwa vema.

Lakini haki za pamoja zina adui asiyelala, naye ni ua. Kati ya mwaka 1604 na mwaka 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ardhi ua, na kwa sheria hizo ekari zipatazo 6,800,000 ziligawanywa na kuwekwa mikononi mwa wenyewe. Watetezi wa jambo hilo walisema kwamba ardhi yenye mwenyewe hulimwa vizuri kuliko ardhi ya wote, na maneno yao hayakuwa uongo mtupu. Lakini mizani ina pande mbili. Mjane aliyekuwa akiokota kuni, mzee aliyekuwa na ng'ombe mmoja, mtoto aliyekuwa akichuma blakiberi akaziuza sokoni, wote hao waliamka asubuhi wakakuta njia imezibwa. Waliokuwa na karatasi walilipwa kipande. Wasiokuwa na karatasi walilipwa pole. Wahenga wetu walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Haki za maskini hazikuwa na daftari ila mazoea.

Katika kijiji cha Helpston alizaliwa mwaka 1793 mtoto wa kibarua wa shamba, jina lake John Clare. Alizijua njia za porini na viota vya ndege kama wewe uvijuavyo vidole vyako. Mwaka 1809 sheria ya kuzungushia ua ardhi za kijiji chake ilipitishwa, na kijana huyo akaona miti ikikatwa na mabango ya makatazo yakisimama mahali alipokuwa akicheza. Alitunga mashairi ya kuomboleza ambayo yasomwa hata leo, na majina ya waliopima zile nyua yamesahauliwa.

Si wote waliolia. Wengine walishika shoka. Karibu na London uko msitu uitwao Epping, na kandoni mwake mji wa Loughton. Watu wa Loughton walikuwa na desturi ya zamani ya kukata matawi ya miti kwa kuni, kuanzia usiku wa tarehe 11 Novemba mpaka tarehe 23 Aprili. Masimulizi ya mji husema kwamba iliaminiwa ya kuwa desturi hiyo isipoanzwa usiku ule wenyewe, haki ingekufa. Basi mwaka mmoja watu walialikwa karamu ya chakula na pombe usiku huo, ili saa iwapite wakiwa wamelewa. Kibarua mmoja, Thomas Willingale, alitoka karamuni saa ya usiku wa manane, akaenda msituni, akarudi na tawi mkononi. Huenda chumvi imeongezwa katika hadithi hiyo. Lakini kisichokuwa na chumvi ni hiki: msitu wa Loughton ulipozungushiwa ua, Willingale na jamaa zake waliendelea kukata matawi, na mwaka 1866 watu wa nyumba yake walitiwa gerezani. Chama cha kulinda ardhi za wote, kilichoanzishwa mwaka 1865, kilisimama upande wa kibarua huyo, na shauri likapelekwa mahakamani. Willingale alifariki mwaka 1870 kabla ya kuona mwisho wake. Mwaka 1878 Bunge lilipitisha sheria ya kuulinda Msitu wa Epping uwe wazi kwa watu wote daima. Haki ya kukata matawi ilikomeshwa ili miti ipone, na kwa sehemu kubwa ya fidia watu wa Loughton walijengewa ukumbi wa mikutano, uliofunguliwa mwaka 1884. Ukumbi huo ungali umesimama. Waweza kusema umejengwa kwa shoka la maskini.

Na wewe uliye mwanafunzi, jua kwamba watoto wa rika lako wana ukurasa wao katika habari hii. Zamani tarehe 14 Septemba ilikuwa siku ya kuokota kokwa, na watoto wengi waliruhusiwa kwenda msituni. Mwaka 1880 sheria ililazimisha watoto wadogo wa Uingereza kwenda shule. Lakini majira ya blakiberi yalipofika, walimu wa vijijini waliandika katika madaftari yao kwamba madawati ni matupu. Hawakuwa wavivu watoto hao. Walikuwa msituni wakitafuta senti za viatu vya baridi.

Kisha vita viliwarudisha msituni kwa amri ya serikali ile ile. Mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, watoto wa shule waliombwa wakusanye kokwa za chesnati ya farasi, ambazo haziliwi na watu. Hawakuambiwa sababu. Sababu ilikuwa siri: kokwa hizo zilitakiwa kutengeneza asetoni, kimiminika kilichohitajiwa katika baruti ya mizinga. Kokwa nyingi zilioza katika vituo vya reli kwa kukosa gari, na kiwanda hakikupata faida iliyotazamiwa. Katika vita vya pili kazi yao ilikuwa njema zaidi. Nyambizi za Ujerumani zilizuia meli, machungwa yakaadimika, na ilihofiwa kwamba watoto wachanga wangekosa vitamini C. Ndipo kuanzia mwaka 1941 watoto na akina mama walipochuma matunda ya waridi mwitu kwa mamia ya tani, yakatengenezwa sharubati, na watoto wa nchi nzima wakanyweshwa kwa kijiko. Jambo ambalo juzi lilikuwa ukorofi wa maskini leo liligeuka uzalendo.

Basi sheria ilijibuje swali letu? Jibu lilikuja mwaka 1968, katika Sheria ya Wizi ya Uingereza na Wales. Yasema kwamba mtu achumaye uyoga uliojiotea katika ardhi yoyote, au maua, matunda au majani ya mmea uliojiotea, haibi kitu, isipokuwa amechuma kwa ajili ya kuuza au kwa faida nyingine ya biashara. Tazama ufupi wa hekima hiyo. Sheria haikutazama mkono uchumao. Ilitazama mahali tunda liendako. Likienda kinywani, ni riziki. Likienda sokoni, ni mali ya mwingine.

Lakini kila jibu huzaa swali. Siku hizi wako wanaoingia misituni kwa makundi na kukusanya uyoga wa kuuza katika mahoteli. Katika Msitu wa Epping, ule ule uliookolewa kwa jasho la akina Willingale, kuchuma uyoga kumekatazwa, na wavunjao katazo wamepata kushitakiwa. Walinzi wa msitu wasema kwamba uyoga ni chakula cha wadudu na rafiki wa mizizi ya miti, na watu wa mji mkubwa wakichuma kila mmoja kikapu, hakitabaki kitu. Basi zamani maskini alizuiwa kwa ajili ya kulungu wa mfalme. Leo mchumaji azuiwa kwa ajili ya msitu wenyewe. Sababu hizi mbili si sawa, na msomaji mwenye akili atazitenga. Lakini yafaa pia auulize mkono uwekao katazo: je, unakataza kwa wote, au kwa wanyonge tu?

Nawe, msomaji wa Kenya, usidhani kwamba habari hii ni ya mbali. Katika Msitu wa Mau wamekaa tangu zamani Waogiek, watu wa mizinga na asali. Sheria za misitu zilizoletwa na Waingereza zilifanya makao yao kuwa mali ya serikali. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 1932 ilishauri kwamba watu hao waondolewe msituni wakaungane na makabila mengine. Wajukuu wa wale walioandikiwa na mfalme wao kwamba asali ya msitu wao ni yao, walikuja kumwambia Mwogiek kwamba asali ya msitu wake si yake. Hata baada ya uhuru waliondolewa mara nyingi. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba haki zao zimevunjwa, na kwamba uharibifu wa Mau hauwezi kuwa sababu ya kuwafukuza, kwa kuwa haukuthibitishwa kuwa kazi yao. Mwaka 2022 mahakama hiyo iliamuru walipwe fidia na warudishiwe ardhi yao. Walakini mwezi wa Novemba 2023 familia za Waogiek ziliondolewa tena. Hukumu kuandikwa ni jambo moja, na hukumu kutimizwa ni jambo jingine. Waingereza wa mwaka 1217 waliligundua hilo kabla yetu.

Nimalizie nilipoanzia. Mti hutoa matunda bila kuuliza jina la aokotaye. Wanadamu ndio waulizao, na hawana budi kuuliza, maana wakiwa wengi na mti ni mmoja, bila sheria mti utakwisha. Lakini sheria njema ya msitu hujulikana kwa dalili mbili: huuacha mti ukiwa hai, na humwacha mnyonge akiwa ameshiba. Ikikosa moja katika hizo, hiyo ni ua tu. Siku utakapokuwa mtu mzima, ukaitwa kuweka mpaka wa msitu au kupiga kura juu yake, kabla hujatia sahihi mtafute kwanza yule mtu mwenye kikapu. Muulize anachokijua, tena muulize alichokuwa akila.